Siku Kigobe Ilipogeuzwa Bruseli

Wananchi wote walitangaziwa na rediyo, asubuhi na mapema, katikati ya habari za vita na matangazo ya vifo, kwamba shida ya usafiri mjini Bujumbura imekwisha. Haikwisha kwa sababu mabasi yameongezeka, maana yalikuwa yamepungua. Wala haikwisha kwa sababu esansi, petroli ya magari, imepatikana, maana majirani walikuwa wameiwekea nchi embargo kila upande, ndege haitui, lori haliingii, na esansi ilikuwa ikiuzwa kando ya barabara kwenye chupa za bia, kwa kificho, kama dawa ya mapenzi. Shida ilikwisha kwa sababu ilikuwa imeundwa Tume ya Taifa ya Kulinganisha Gharama za Safari Baina ya Bujumbura na Bruseli, chini ya Bwana Gélase, Mkurugenzi Mkuu, mtu mwenye diploma na miwani.

Hoja ya Tume ilikuwa nzuri, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuipinga. Watu wa Musaga walikuwa wakinung'unika kwamba nauli ya kwenda mjini imepanda. Haya, imepanda kuliko wapi? Hawakujua. Mtu ananung'unika tu, hajui wenzake wa Ulaya wanaumia vipi. Tume ingewaonyesha kwa hesabu kwamba pesa anayotoa mtu wa Bruseli kupanda bisi mara moja ingempeleka mtu wa Musaga mjini na kumrudisha mpaka achoke mwenyewe. Hapo mtu wa Musaga angeona haya, angenyamaza, na angekwenda zake kwa miguu akimshukuru Mungu.

Mama Mwanne alisikia tangazo hilo akiwa jikoni kwake, Musaga, anasukuma chapati. Akasema, "Inshallah." Mambo ya serikali aliyapokea hivyo yote, kama anavyopokea mawingu.

Alikuwa mjane. Mumewe, Twalibu, fundi wa magari, alikufa kitandani kwa maradhi ya ini mwaka ule vita vilipoanza, na waliokuja matangani walimwambia kwa moyo safi kabisa kwamba ana bahati. Alimwachia nyumba, binti mmoja, Asiya, na Hiace moja ya abiria. Hiace hiyo iliendeshwa na Shakuru, mume wa Asiya. Asubuhi ilichukua watu Musaga, jioni iliwarudisha kabla ya kuvrefe, saa ya kutotoka nje, na ndiyo iliyoweka sufuria motoni katika nyumba ile. Hawakuwa na kitu kingine.

Haikupita wiki, vijana wa Tume wakaja na karatasi yenye muhuri. Ulinganisho, walisema, unahitaji chombo cha mfano. Bisi ya Bruseli italinganishwa na bisi ya Bujumbura, na bisi ya Bujumbura iliyochaguliwa ni hii.

"Kwa nini hii?" akauliza Shakuru.

"Kwa sababu inawaka."

Mwanne akafuta unga mikononi. "Mutairudisha lini, wanangu?"

"Ulinganisho ukikamilika, Mama."

"Na unakamilika lini?"

"Mama, ukiuliza hivyo unaharakisha sayansi."

Wakaiondoa. Watu wa Musaga wakaanza kwenda mjini kwa miguu, jambo ambalo kwa upande wa Tume lilikuwa maendeleo, kwa kuwa mtu anayetembea hana nauli ya kulalamikia.

Siku zikapita. Shakuru akawa anazunguka mjini kutafuta kibarua, na jioni moja akarudi uso umemkunjamana.

"Mama, nimeiona gari yetu. Imebeba makaa."

"Labda wanalinganisha makaa," akasema Mwanne, bila kucheka.

"Viti wameviondoa. Na bibi ya Dirikteri wa Tume alikaa mbele, na godoro juu."

"Basi na yeye wanamulinganisha."

Asiya alikuwa pembeni anapepea moto wa kupikia uji mtupu, uji bila sukari, wa watoto wake. Mwanne alimtazama mwanawe, akatazama sufuria. Kesho yake akajitanda kanga yake ya heshima, akatia tasbihi mkobani, akashika barabara ya mjini.

Ofisi ya Tume ilikuwa na sekretari mmoja, Mademoiselle Adélaïde, aliyekuwa akipaka rangi kucha za mkono mmoja na kuandika kwa mashine kwa mkono wa pili. Ndani, Bwana Gélase alikuwa amekaa nyuma ya meza kubwa, amevaa suti mpya ya sufu. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Karibu, Mama. Unashangaa suti? Ni ya Bruseli. Kule kuna baridi. Najizoeza."

"Mungu akusaidie, Mukubwa. Mi nimekuja kuuliza gari yangu."

"Gari lako linalitumikia Taifa."

"Naliona. Linatumikia na makaa."

Bwana Gélase akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaeleza kwa upole, kama anayeongea na mtoto wa shule, kwamba upande wa Bujumbura kazi imeshaisha. Kilichobaki ni upande wa Bruseli. Ujumbe umeshateuliwa. Posho ya safari imeshatiwa saini, kwa pesa za kigeni. Lakini ndege hakuna, kwa ajili ya embargo. Na mwaka wa fedha ukifungwa kabla ujumbe haujafika Bruseli, posho yote inarudi Hazina. Alipolitamka neno hilo sauti ilimkatika, akanywa maji.

"Pole sana," akasema Mwanne, na alimaanisha, maana aliijua sura ya mtu aliyefiwa. "Kwa hiyo musipofika huko, na gari yangu hairudi?"

"Itarudije, Mama, na ulinganisho ni wa upande mmoja?"

Adélaïde alikuwa amesimama mlangoni, anapuliza kucha. "Mukubwa," akasema, "kama sisi hatuwezi kwenda Bruseli, Bruseli haiwezi kuja?"

Alisema kwa kuchoka tu. Lakini Bwana Gélase aliinuka polepole kama mtu aliyeguswa na malaika. Akaenda dirishani, akatazama upande wa kaskazini, kule Kigobe, alikokaa yeye na wakubwa wenzake. Majumba mazuri. Lami. Taa zinazowaka. Watu wasiopanda bisi. Akageuka.

"Andika," akamwambia Adélaïde.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Agizo. Kifungu cha kwanza kilisema kwamba, kwa mahitaji ya utafiti, eneo la Kigobe litakuwa Bruseli. Mhasibu wa Hazina, mtu mgumu, alikataa. Alisema posho ya nje hailipwi kwa mtu aliyekwenda nyumbani kwake. Kigobe iwe nje kweli kweli au posho isahaulike. Basi kikaongezwa kifungu cha pili: itakuwa Bruseli kwa kila hali na kwa athari zote za sheria, tangu msafara utakapovuka bariyeri, kizuizi cha askari barabarani. Mhasibu akaridhika. Waziri akatia saini akiwa anaingia garini. Na kwa sababu posho huhesabiwa kwa siku, Bwana Gélase aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwenye hati za safari za wajumbe, kwamba watakaa Bruseli kwa muda usiojulikana.

Ikabaki kumpata msafiri wa kawaida wa Bujumbura, wa kupelekwa Bruseli akaone bei. Hapo Tume ilikwama. Watu wa Musaga walikuwa na tabia ya kutopanda gari la serikali, kwa kuwa waliowahi kulipanda hawakuwa wamerudi kusimulia lilivyo. Mwanne, aliyekuwa akija ofisini kila kukicha kuuliza gari lake, akasema yeye atapanda.

"Nikikwenda huko, ulinganisho utakamilika?"

"Utakamilika."

"Na Hiace?"

"Itafuata utaratibu."

Lakini alikuwa mtu wa dini, na safari ni safari. Kabla ya kuondoka alipita kwa Shehe Muadh, aliyemfundisha Kurani tangu utotoni na sasa alikuwa mzee asiyeona vizuri. Akamkuta barazani anakunywa kahawa.

"Shehe, serikali inanipeleka Ulaya."

"Mashallah. Kwa ndege gani?"

"Kwa gari. Ulaya imewekwa Kigobe."

Shehe akaweka kikombe chini. "Imewekwa na nani?"

"Na Waziri. Kwa muhuri. Sasa mi nauliza, nikifika huko nitasali kama musafiri, nikate rakaa?"

"Binti yangu," akasema Shehe, "Mwenyezi Mungu anajua Kigobe iko wapi. Utasali zote nne."

"Na maharimu? Mujane kwenda Ulaya peke yake na wanaume wa serikali?"

Mzee akafikiri zaidi kwa hili, na ndevu zikamtikisika kidogo. "Hiyo sasa si ya Mungu kujibu, ni ya serikali. Mungu hakusema Kigobe ni Ulaya, wao ndio wamesema. Waambie wasimame penye neno lao, wakupe nafasi mbili."

Mwanne akarudi ofisini, akaeleza. Bwana Gélase akapiga meza.

"Maharimu hayumo kwenye bajeti!"

"Basi, Mukubwa, tafuteni mama mwingine."

Mwingine hakuwepo. Hati ikaandikwa upya: msafiri wa kawaida, pamoja na maharimu wake, Shakuru, mkwe, kwenda na kurudi, siku moja.

Siku ya safari kulikuwa na bendera na hotuba. Msafara ukatoka mjini ukapanda hadi bariyeri ya kuingilia Kigobe, ambako mizinga ya mbali, upande wa vilima, ilisikika kidogo, na hakuna aliyegeuza kichwa. Bariyeri ilikuwa chini ya Kaporali Mawazo, askari mrefu mwenye sauti ya polepole. Hakuwa mtu wa kusoma haraka. Lakini alichosoma, alikisoma. Bwana Gélase alimkabidhi nakala ya Agizo na hati zote, akasema, "Kaporali, hii ni sheria. Uitekeleze neno kwa neno."

"Neno kwa neno, Mukubwa," akasema Mawazo, akainua kamba. Msafara ukapita, na Kigobe ikawa Bruseli.

Hiace ilikuwa nyumbani kwa Bwana Gélase, imeegeshwa karibu na banda la kuku, na baadhi ya kuku walikuwa wameshahamia ndani. Mwanne alipoiona alisema Alhamdulillahi. Kisha akasema Astaghfirullah, kwa ajili ya aliyoyafikiri. Shakuru aliwatoa kuku, akakaa penye usukani, akawasha. Mashine ikakohoa, ikaitika.

"Inawaka, Mama." Macho yalikuwa yamemlowa, akajifanya ni vumbi.

Utafiti ukaanza. Wakazunguka Bruseli kwa Hiace, Adélaïde na kalamu yake, Bwana Gélase na suti yake. Kwenye kila geti alipigiwa honi mlinzi, akaulizwa watu wa nyumba ile hulipa nini kwenda mjini.

"Kulipa?" akauliza mlinzi wa kwanza.

"Nauli. Ya safari."

"Patron ana gari ya Leta, ya serikali."

"Na esansi?"

"Ya Leta."

"Na dereva?"

"Ya Leta. Ni mudogo wangu."

Geti la pili jibu lilikuwa hilo, na la pembeni yake hilo. Kwa mlinzi mmoja mzee walijaribu kumbana: hata siku moja, hata kwa dharura, wenye nyumba hawajalipa?

"Wamulipe nani, baba?" akasema mzee kwa huruma. "Wao ndio wanalipwa."

Bwana Gélase akamgeukia Mwanne. "Haya, Mama, wewe ndiye msafiri wa kawaida. Unaionaje Ulaya?"

"Nzuri, Mukubwa. Mbuzi wake wanafanana na wa kwetu. Lakini huku nauli hakuna. Kwetu ndiko ghali."

Adélaïde akahesabu tena. Matokeo yalikuwa wazi: kusafiri Bruseli ni bure, kusafiri Musaga kunaua.

"Matokeo haya," akasema Bwana Gélase, akifungua kifungo cha shingo, "hayajakomaa."

"Nigeuze majina, Mukubwa?" akauliza Adélaïde. "Bujumbura iende hapa, Bruseli ije hapa. Hesabu zenyewe hatuzigusi."

"Hesabu tusiziguse kabisa. Sisi ni watu wa sayansi."

Majina yakageuzwa, ripoti ikatiwa saini, na ikathibitika kwamba mtu wa Musaga husafiri bure. Mwanne akasubiri wapeane mikono. Kisha akasema, "Sasa imekamilika. Nipeni gari yangu, nikawachukue watu."

Bwana Gélase akatabasamu kama anayempa mtu mkono wa pole. "Awamu ya kwanza, Mama, ndiyo imekamilika. Mwakani tunaanza Bujumbura na Parisi. Chombo cha mfano hakibadilishwi katikati ya utafiti. Shakuru atakushusha mjini, halafu dereva wa Tume atairudisha huku."

Shakuru akafungua kinywa. Mwanne akamgusa bega, naye akakifunga. Akatoa tasbihi mkobani, akaanza kuhesabu polepole, macho mbele.

Wakashuka kuelekea mjini, gari la Mkurugenzi mbele, Hiace nyuma. Bwana Gélase alikuwa na haraka: posho ilikuwa tayari kwenye dirisha la malipo, na dirisha lilifungwa alasiri. Penye bariyeri Kaporali Mawazo alikuwa amesimama katikati ya barabara, Agizo mkononi, kidole kwenye mstari.

"Mukubwa, unakwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi? Mjini!"

"Mjini gani?"

"Bujumbura!"

"Unatoka wapi?"

Bwana Gélase alitazama huku na huku. "Natoka nyumbani."

"Nyumbani ni Bruseli," akasema Mawazo. "Imeandikwa hapa, kwa athari zote za sheria. Na kati ya Bujumbura na inchi za inje hakuna kupita. Iko embargo. Ata rediyo inasema kila siku."

"We mutu, mimi ndiye niliyeandika hiyo karatasi!"

"Umeandika vizuri, Mukubwa. Naelewa kila kitu." Akafungua hati ya pili. "Alafu, ata bila embargo, hapa umeandika utakaa Bruseli muda usiojulikana. Sasa mi nitajuaje kama umeisha?"

Bwana Gélase akataka aitwe mkubwa wa Mawazo. Mkubwa wa Mawazo alikaa Kigobe, kwa hiyo naye sasa alikuwa nchi ya nje, asiye na amri Bujumbura. Akataka aitwe Waziri, ambaye saini yake peke yake ndiyo ingeweza kuirudisha Kigobe nchini. Waziri naye alikaa Kigobe, na gari lake lilikuwa ndilo lile lililotokea nyuma sasa hivi, linapiga honi.

Mawazo akaifikia Hiace. Akasoma hati ya Mwanne mpaka mwisho, midomo ikitembea. "Kwenda na kurudi, siku moja. Na maharimu. Pita, Mama. Murudi kwenu salama. Lakini hii gari ni ya nani?"

"Ya Tume!" akaitikia Bwana Gélase, aliyekuwa amekwisha kushuka kwenye gari lake na kuja mbio.

"Kama ni ya Tume inabaki. Tume haina siku ya kurudi. Mama atashuka, atatembea."

Bwana Gélase aliitazama saa yake, akalitazama jua, akaitazama Hiace. Lilikuwa gari pekee katika Bruseli yote lililokuwa na ruhusa ya kwenda Bujumbura, endapo tu halikuwa lake.

"Ni ya Mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia."

"Ni gari la Mama Mwanne. La marehemu mumewe. Tume imelirudisha."

"Imeandikwa?"

Ikaandikwa pale pale juu ya boneti, kwa kalamu ya Adélaïde, Bwana Gélase akitia saini huku suti ya sufu imemganda mgongoni. Mwanne alikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya kanga, kifuani, akasema Alhamdulillahi, na safari hii hakuongeza kitu.

Bwana Gélase akashika mlango wa Hiace, mguu mmoja ndani.

"Na wewe," akauliza Mawazo, "uko nani kwenye gari ya Mama?"

Hakukuwa na jibu kwenye hati. Adélaïde alichungulia kucha zake. Ndipo Shakuru akatoa kichwa dirishani, uso mkavu kabisa.

"Ni konvoyeri wangu, Kaporali. Mupya."

Mawazo akamzunguka Bwana Gélase polepole, akaitazama suti, akaitazama miwani. "Konvoyeri? Konvoyeri anaita watu, anakusanya nauli. Aite, nisikie."

Bwana Gélase akakohoa. "Abiria wote wanaoelekea ukanda wa kusini wa manispaa wanaombwa..."

"Uyu si konvoyeri," akasema Mawazo, akishusha kamba.

"Musaga!" akapiga kelele Bwana Gélase. "Musaga, Musaga! Soko, Musaga! Viti vipo!"

"Viti hakuna, tuliving'oa," akamkumbusha Adélaïde.

"Musaga ya kusimama!"

Sauti ilikuwa nzuri, lazima ikubaliwe. Iliingia kwenye mageti na kupita nyuma ya kuta. Wapishi wa Kigobe, wafua nguo, walinzi waliomaliza zamu, watu ambao tangu Hiace ichukuliwe walikuwa wakirudi Musaga kwa miguu, wakaacha njia zao wakaja mbio.

"Hawa nao?" akauliza Bwana Gélase, akibanwa mlangoni. "Hawa wanapita?"

"Hawa wanarudi kwao," akasema Mawazo, akawapungia mkono wote.

Wakajaa. Mfua nguo mmoja, mama mnene mwenye beseni, alimsukumia noti mkononi. "Konvoyeri, chenji yangu usiisahau. Na usinikanyage."

"Dereva," akaita Bwana Gélase kwa ndani, akitafuta hewa, "tutafika kabla ya dirisha la malipo kufungwa?"

"Tunapitia soko kwanza, Mukubwa," akasema Shakuru. "Watu wanashuka."

Nyuma yao magari meusi ya Leta yalikuwa yamepanga foleni hadi kwenye kona, honi zinalia, na Kaporali Mawazo alikuwa ameinama penye dirisha la Waziri, anamsomea Agizo tangu kifungu cha kwanza. Mwanne alikaa mbele, mahali pake. Akatazama kioo cha pembeni, akaona kila mtu ameingia.

"Mukubwa," akasema kwa heshima zote, "piga bati la gari, dereva asikie, tuondoke."

Bwana Gélase akapiga bati.